Muulize Bibi Mwalimu: Tulipewa uhuru, au tuliuchukua?

Toleo lililopita nilijibu maswali ya Vita vya Majimaji, na barua zilizofuata zimenithibitishia kwamba wasomaji wa Kaskazini mna ubishi. Nyingi zinazunguka jambo moja: koloni linatokaje mikononi mwa mtawala wake? Nimechagua chache. Zile zilizojaa matusi kwa Waingereza nimezisoma, nimecheka, nimeziweka pembeni.

Shikamoo Bibi Mwalimu. Nasoma kidato cha sita, kwetu ni Usa River. Darasani tunaambiwa Kenya walipigana, Algeria walipigana, sisi tukapewa uhuru mezani kwa amani. Babu yangu ni Mmeru, na akisikia hivyo anakasirika, anasema, "Kawaulize watu wa Engare Nanyuki." Akishasema hivyo hataki kuendelea. Ana maana gani?

Marahaba mjukuu wangu. Babu yako ana haki ya kukasirika.

Kwanza elewa Tanganyika ilikuwa nini. Baada ya Mjerumani kushindwa Vita Kuu ya Kwanza, nchi hii haikufanywa mali ya Mwingereza kama Kenya. Alikabidhiwa aisimamie, kwanza chini ya Shirika la Mataifa kuanzia 1922, kisha chini ya Umoja wa Mataifa kuanzia 1946. Tulikuwa kama yatima aliyewekwa kwa mjomba: mjomba ndiye anayeamuru nyumbani, lakini ukoo unaweza kumwita atoe hesabu. Mkenya hakuwa na ukoo wa kumshtakia. Sisi tulikuwa na Baraza la Udhamini kule New York. Tuliruhusiwa kuliandikia malalamiko, na kila baada ya miaka mitatu lilituma ujumbe kuja kuangalia hali. Walikuja 1948, 1951 na 1954.

Sasa Engare Nanyuki. Baada ya vita ya pili, serikali ya kikoloni iliunda tume chini ya Jaji Mark Wilson ichunguze ardhi ya huku kwetu, Moshi na Arusha. Mlimani watu walikuwa wamebanana, na chini yao yalitanda mashamba ya walowezi. Tume ikapendekeza mambo mengi, na mojawapo lilikuwa kwamba eneo la Sanya hadi Engare Nanyuki liwe la Wazungu watupu, wafuge ng'ombe wa maziwa na wa nyama bila Mwafrika kukaa katikati yao. Tatizo ni kwamba katikati yao walikuwapo Wameru, na mifugo yao, na mashamba yao, na kanisa lao. Wakaambiwa wahamie King'ori, kwenye joto na mbung'o. Wakakataa. Novemba 1951 wakaja askari. Watu kama 3,000 wakatolewa, nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa. Wengi waligoma kupokea fidia, maana ukipokea fidia umekubali. Na hiyo King'ori wengi hawakwenda kukaa. Walikwenda kujibana kwa ndugu zao mlimani.

Hebu fikiria wewe ungefanya nini. Jirani upande wa pili wa mpaka, Kenya, miezi michache baadaye moto wa Mau Mau uliwaka. Wameru walichangishana fedha. Hapa Moshi alikuwapo wakili mweusi kutoka kisiwa cha Bermuda, Earle Seaton. Wakamchukua, na wakamteua kijana wao Kirilo Japhet, na mwaka 1952 watu hao wawili wakafika New York. Mmeru akasimama mbele ya mabalozi, akaeleza habari ya nyumba zilizochomwa, na Mwingereza akiwa ameketi humo humo anasikiliza. Mimi nimefundisha historia maisha yangu yote, na hilo ndilo tukio ambalo sikuwahi kulifundisha huku nimekaa.

Walishinda? Hapana. Baraza la Udhamini lilisikitika, basi. Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa ilipitisha azimio la kuwatetea, lakini lilipofika Baraza Kuu mwezi Desemba halikupata theluthi mbili za kura. Ardhi haikurudi wakati ule. Ila Kirilo aliporudi hakunyamaza. Alizunguka nchi akisimulia, na watu wa mikoa ambayo haijawahi kuuona Mlima Meru wakajua mambo mawili: kwamba serikali inaweza kukuchomea nyumba kwa hati iliyogongwa muhuri, na kwamba kuna mahali pa kuishtaki.

TANU, chama cha Nyerere cha kudai uhuru, ilizaliwa Julai 7, 1954. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa mwaka huo ukaandika kwamba Tanganyika inaweza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25, pengine mapema zaidi. Gavana Twining alichukia. Machi 1955 Nyerere akaenda New York kwa mlango ule ule aliopitia Kirilo. Alichosema huko kilikuwa cha upole mno ukikisoma leo: nchi hii itamkwe kuwa ni ya Waafrika kwanza, na mwelekeo uwe kujitawala. Upole huo ulikuwa na hesabu ndani yake.

Kisha likaja suala la kura tatu. Serikali ilitaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, ili Wazungu wachache walingane na mamilioni. Na ili upige kura lazima uwe na elimu ya kiwango fulani, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au kazi ya heshima. Vijana wa TANU walitaka kususa. Januari 1958, Tabora, Nyerere akawashawishi waingie hivyo hivyo. Zuberi Mtemvu alikasirika akatoka, akaanzisha chama chake. Wengine wakakaa, na hesabu ikamgeukia aliyeibuni, kwa sababu TANU iliwaunga mkono hata wagombea Wahindi na Wazungu waliokuwa upande wake, na wakashinda. Huku kwetu mmoja wa walioshinda alikuwa Sophia Mustafa, mama wa jamii ya Waasia aliyekuwa akikaa Arusha. Agosti 1960 TANU ikachukua viti 70 kati ya 71. Mei 1961 madaraka ya ndani, Desemba 9 uhuru kamili.

Kwa hiyo mwambie mwalimu wako, kwa adabu, kwamba meza ilikuwapo, ndiyo, lakini Mwingereza hakuketi kwa hiari. Na ongeza kwamba alikuwa amechoka kulipa. Mradi wake wa karanga pale Kongwa ulikuwa umekufa 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Walowezi wetu nao walikuwa wachache kuliko wa Kenya, na si wote waliokuwa Waingereza, hivyo London haikuwa na shangazi wengi wa kupiga kelele Bungeni. Nguvu ya hoja iwe kubwa namna gani, husaidika sana mtawala anapokuwa na hasara.

Damu nayo ilimwagika, ila mapema. Mangi Meli, chifu wa Wachagga wa Moshi, alinyongwa na Mjerumani pale Old Moshi Machi 1900 pamoja na viongozi wengine wa Kichagga, Kiarusha na Kimeru. Ukiianza hesabu mwaka 1954 utaona amani tupu.

Bibi Mwalimu, mimi ni bodaboda hapa Himo. Kijiweni tumebishana: eti Marekani nayo ilikuwa koloni la Mwingereza ikapigana ikajitoa. Mwenzangu anasema basi Wamarekani ni wapigania uhuru kama sisi. Nani mkweli?

Mkweli ni wewe na mwenzako, lakini nusu nusu.

Ni kweli makoloni 13 ya pwani ya mashariki yalijitangazia uhuru Julai 4, 1776, yakapigana, na Uingereza ikakubali kwa mkataba wa Paris wa 1783. Chanzo kilikuwa kodi. Mwingereza alitoka kwenye vita na Ufaransa akiwa na madeni, akaona wakoloni wake wa ng'ambo wachangie, nao wakauliza tunatozwaje kodi na Bunge ambalo hatuna mjumbe ndani yake? Mwaka 1773 wakatupa shehena ya chai baharini pale Boston. Swali lao lilikuwa zuri, na watu wengi wameliazima tangu wakati huo.

Lakini angalia ni nani aliyejitoa. Ni walowezi. Wenye nchi wa asili hawakuulizwa, na kwao uhuru ule ulikuwa mwanzo wa kusukumwa zaidi magharibi. Watumwa walibaki watumwa karibu miaka 90 mingine. Gavana mmoja wa Kiingereza, Lord Dunmore wa Virginia, aliahidi mwaka 1775 kuwaacha huru watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi la mfalme, na mamia wakakimbilia kwake. Mtu mweusi wa Virginia alitafuta uhuru upande wa mfalme. Hilo kawaambie kijiweni uone watakavyonyamaza.

Ukitaka mfano ulio karibu na sisi, nenda Haiti. Kule watumwa wenyewe waliinuka 1791, wakaongozwa na Toussaint Louverture, na baada yake Dessalines. Wakalishinda jeshi la Napoleon, na Januari 1, 1804 wakatangaza nchi yao. Mwaka 1825 Ufaransa ikaja na manowari ikadai faranga milioni 150 kama fidia ya mali iliyopotea, na sehemu ya mali hiyo ilikuwa watu wenyewe. Walikopa ili walipe. Mikopo ile iliwaandama hadi 1947. Nchi iliyojikomboa ikalipishwa bei ya kujikomboa, na mpaka leo kuna wanaouliza kwa nini Haiti ni maskini.

Na walowezi wa kujitoa tuliwapata hata Afrika. Novemba 11, 1965 Ian Smith na wenzake walijitangazia uhuru wa Rhodesia ya Kusini, na maneno ya tangazo lao wakayatengeneza kwa kuiga lile la Marekani la 1776. Wazungu laki mbili na kitu wakijitoa kwa Uingereza ili Waafrika milioni nne na zaidi wasipate kura. Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza mwezi uliofuata kwa sababu Uingereza haikumwondoa Smith, na kwa uamuzi huo tukakosa mkopo wa pauni milioni 7.5. Zimbabwe ilipatikana Aprili 18, 1980.

Kwa hiyo kijiweni muulizane hivi: aliyejitoa ni nani, na aliyebaki chini yake ni nani?

Mwalimu, salamu kutoka Kijenge, Arusha. Mume wangu anasema Desemba 9, 1961 Malkia wa Uingereza alikoma kabisa kuwa na cheo hapa. Mimi nakataa. Tumewekeana mbuzi.

Mbuzi ni wako, mama. Kuanzia Desemba 9, 1961 hadi Desemba 9, 1962 Malkia Elizabeth alikuwa bado mkuu wa nchi ya Tanganyika, na Richard Turnbull, aliyekuwa Gavana, akawa Gavana Mkuu kwa niaba yake. Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, akajiuzulu Januari 1962 aende kuijenga TANU, Rashidi Kawawa akashika nafasi. Tulipokuwa Jamhuri ndipo Malkia alipotoka, na Nyerere akawa Rais. Kenya nao walipita njia hiyo hiyo mwaka mmoja mmoja, 1963 na 1964. Mwachie mumeo kichwa na utumbo atengeneze supu.

Kwako Bibi Mwalimu. Natoka Machame. Wazee husema Mangi Mkuu Marealle naye alikwenda Umoja wa Mataifa. Je, alikwenda kudai Uchagga uwe nchi? Na kama ndivyo, kwa nini haikuwa?

Alikwenda, mwaka 1957, akazungumza mbele ya Baraza la Udhamini. Hakwenda kuombea Kilimanjaro bendera ya taifa. Alikwenda kama kiongozi wa Wachagga ndani ya Tanganyika. Lakini swali lako lina msingi, maana miaka ile Uchagga ulikuwa na karibu kila kitu ambacho nchi changa inahitaji.

Kulikuwa na fedha. Baba yangu alikuwa mkulima wa ekari moja na ushee ya migomba na kahawa, na msimu mzuri alilipa ada za watoto na kubakiza mabati. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha mwaka 1933, kilikuwa kikiuza kahawa ya mlima mzima. Kulikuwa na shule, barabara, mahakama, baraza. Na mwaka 1952 Thomas Marealle alisimikwa Mangi Mkuu baada ya kuchaguliwa kwa kura, si kwa kurithi tu. Chama cha akina Petro Njau ndicho kilichompigia debe, wananchi wakitaka sauti moja badala ya mamangi wengi wanaovutana. (Najua watu wa Machame hamkufurahi sana kwamba ametoka Marangu. Hilo mmalizane wenyewe.)

Kilichotokea baadaye hakikutoka Dar es Salaam peke yake. Wachagga wenyewe, hasa vijana waliosoma, waliona cheo kinaelekea kuwa cha kudumu, na TANU ilikuwa imeshaota mizizi hadi vihambani. Mwaka 1960 wakapiga kura kama wanataka Mangi Mkuu aendelee au wawe na rais wa kuchaguliwa. Wakataka rais. Akapatikana Solomon Eliufoo, mtu wa kwenu Machame, ambaye alikuwa mtu wa TANU. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ikafuta uchifu nchi nzima.

Linganisha na Buganda. Wao mwisho wa 1960 walijitangazia uhuru peke yao, na hakuna nchi iliyowatambua. Mwingereza aliendelea na kazi zake kana kwamba hakusikia. Kujitangaza ni jambo moja, kutambuliwa ni jingine, na kutambuliwa hakupatikani mlimani. Binafsi naona Wachagga walipiga kura ya akili. Wapo jamaa zangu ambao tangu niseme hivyo kwenye kipaimara fulani hawajanipikia kiburu.

Bibi Mwalimu, kwa nini Mreno alichelewa hivyo kuondoka Msumbiji wakati wenzake wote walishafunga virago? Msomaji, Majengo, Moshi.

Jirani yangu kabisa, ungepita tu nyumbani.

Mreno alikuwa maskini na alikuwa chini ya udikteta. Uingereza ingeweza kuondoka na bado ikauza bidhaa zake kwa koloni la zamani. Ureno bila makoloni ingebaki na nini? Kwa hiyo ikabuni kwamba haina makoloni, ina "mikoa ya ng'ambo", na mkoa haudai uhuru. Na pale nyumbani hata Mreno mwenyewe hakuwa na uchaguzi wa kweli, sasa angempa nani kura ya kumtoa?

FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam 1962, chini ya Eduardo Mondlane, na vita ikaanza Septemba 25, 1964. Mondlane aliuawa Dar es Salaam Februari 3, 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha posta, kitabu. Samora Machel akaendeleza. Wapiganaji walikaa wapi? Baadhi walikaa Kongwa, pale pale kwenye karanga za Mwingereza. Majengo ya mradi uliokufa yalikuwapo, serikali yetu ikapaweka kuwa kambi ya FRELIMO, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine. Sidhani waliopanga karanga zile London waliwahi kuota kwamba wanajenga kambi hiyo.

Walioimaliza kazi upande wa pili ni askari wa Ureno wenyewe. Miaka 13 ya vita Angola, 11 Guinea-Bissau, 10 Msumbiji. Vijana wanakufa, maofisa wanaona hakuna ushindi. Aprili 25, 1974 wakapindua serikali yao Lisbon. Septemba mwaka huo wakatia saini na FRELIMO mjini Lusaka, na Juni 25, 1975 Msumbiji ikawa huru. Hapo utaona koloni nalo linaweza kumkomboa mtawala wake: Wareno walipata uchaguzi huru kwa sababu ya vita walivyoshindwa kuvimaliza Afrika.

Habari Bibi. Nina kazi ya nyumbani, "Eleza kwa nini nchi 17 za Afrika zilipata uhuru mwaka 1960." Naomba uniandikie kurasa mbili kabla ya Ijumaa. Kidato cha tatu, Ngaramtoni.

"Habari" mwambie rika lako. Na kurasa mbili sikuandikii, nitakupa pa kuanzia tu.

Kati ya hizo 17, nchi 14 zilikuwa chini ya Ufaransa. Zilizobaki ni Nigeria, Kongo ya Mbelgiji na Somalia. Kwa hiyo jibu lako lianze kwa Mfaransa, na habari ya Mfaransa inaanza Guinea. Septemba 28, 1958 de Gaulle aliyapigisha kura makoloni yake: mnabaki katika Jumuiya ya Ufaransa, au mnaondoka leo bila msaada? Wote walisema ndiyo isipokuwa Guinea ya Sékou Touré. Oktoba 2 wakawa huru, na Wafaransa wakaondoka na kila kinachobebeka, hata simu za ofisini waling'oa. Walidhani wengine wataogopa. Waliposubiri Guinea ife na isife, waliosema ndiyo wakaanza kuuliza na wao wanangoja nini. Ndani ya miaka miwili karibu wote walikuwa wamedai chao. Usisahau pia vita ya Algeria, iliyokuwa ikiila Ufaransa fedha na vijana tangu 1954, wala azimio 1514 la Umoja wa Mataifa la Desemba 14, 1960, lililotaka makoloni yapewe uhuru, ingawa hilo lilikuja mwaka ukiwa unakwisha na wengi wameshapandisha bendera, kwa hiyo usiliandike kama sababu. Wanafunzi wangu walikuwa wakiliandika kama sababu kila mwaka, na kila mwaka nilikuwa nakata alama.

Orodha ya nchi 17 iko kwenye kitabu chako cha kiada. Ijumaa njema.